Wanaoandika habari za Amu hawalali Amu

Assalam alaykum jamaa zangu, na wa salamu nyingine pia hamjambo. Leo nina jambo limenikaa kifuani siku nyingi, ni vile vyombo vya habari vinavyotuandika, na nataka nilitoe lote, kwa hivyo kama una haraka soma baadaye ukishatulia.

Nina kauntabuku moja ya jalada gumu, kona zishachakaa, ndimo ninamoandika wageni. Nyumba yetu iko Langoni, mtaa wa hapa Amu, ndio mji wa Lamu kisiwani, ni ya marehemu mama, vyumba vitano na juu tumepiga makuti, mgeni akikaa pale jioni anaona mashua zikirudi. Ukifungua kurasa za Juni 2014 utakuta biro nyekundu, mstari chini ya mstari. Nilikata bukingi kumi na moja kwa siku nne, za Julai zote, za Agosti zote, mpaka ya bwana mmoja wa Uholanzi aliyekuwa anakuja kila mwaka tangu mama yuko hai. Yeye ndiye alikuwa wa kwanza kupiga simu, Jumatatu asubuhi, ndio kwanza natoka msikitini, akaniuliza, muko hai? Nikamwambia tuko hai alhamdulillahi, kwani kuna nini, akasema naangalia televisheni hapa wanasema Lamu imeshambuliwa, Lamu inawaka. Mimi nimesimama kizingitini kwangu, punda amebeba matofali ya matumbawe anapita, mama wa jirani anauza mahamri, moshi pekee ninaouona ni wa karai lake.

Ilikuwa Mpeketoni. Usiku wa Jumapili ya tarehe 15 Juni watu wenye bunduki waliingia mji ule wakati watu wako kwa mabanda wanaangalia mpira wa Kombe la Dunia, wakaua wanaume, wakachoma hoteli na magari, wakavamia kituo cha polisi, na usiku wa pili wakapiga vijiji vya jirani, na waliokufa kwa jumla walipita 60. Sitaki mtu asome hapa adhani nalilia bukingi huku wenzangu wanalilia waume zao. Mpeketoni ni ndugu zetu, samaki wetu wanauzwa kule na mahindi yao yanaliwa huku. Lakini Mpeketoni, ingawa ni kaunti moja nasi, ni bara, kutoka kwangu unashuka mpaka jeti, kwenye gati la boti, unavuka maji mpaka Mokowe, kisha unapanda gari uende mwendo mzuri tu. Ile televisheni ilitaja Lamu ikaweka picha ya forodha yetu, misikiti yetu, majahazi yetu, na mtu wa Amsterdam akaelewa kwamba mimi ndiye ninayechinjwa.

Na hapo ndipo nataka kuanzia, kwa sababu jambo lile moja lilipewa majina matatu kabla hata maiti hazijazikwa. Al-Shabaab walisema ni sisi. Rais Uhuru Kenyatta akahutubia taifa tarehe 17 akasema si Al-Shabaab, ni mitandao ya kisiasa ya hapa hapa nchini, ni mauaji ya kikabila yaliyopangwa. Vyombo vya nje vikasema ni kisiwa cha watalii. Kila mmoja aliita kwa jina linalomfaa yeye. Aliyekuwa na siasa aliita siasa, aliyekuwa anauza matangazo ya safari aliita utalii, muuaji aliita jihadi. Mjane wa Mpeketoni hakuulizwa aiite nini.

Mimi vijana hapa barazani wananiita mhafidhina na silikatai jina. Naamini serikali kazi yake ya kwanza kabisa, kabla ya barabara, kabla ya reli, kabla ya maneno mazuri, ni mtu alale aamke. Naamini mpaka ni mpaka. Naamini dini, mzee wa mtaa, baba na mama ndani ya nyumba ndio wanaoshika mji, askari anakuja baadaye. Naheshimu jeshi letu na sioni haya kusema hivyo. Kwa sababu hiyo hiyo iliniuma zaidi serikali kusema vile, maana ukikosea jina la adui utamtuma askari mlango usio wake. Na ndivyo ilivyokuwa, mwezi uliofuata tukawekewa kafyu, kuanzia saa kumi na mbili unusu jioni mpaka asubuhi, na ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Watu wa Amu wanajua maana ya hilo. Taraweh tuliswalia majumbani, wazee waliokuwa na miaka sabini hawajakosa kumi la mwisho msikitini walikaa uani wanasikiliza kimya. Wavuvi wa usiku waliweka nyavu wakaangalia mwezi. Ile kafyu iliendelea mpaka Desemba. Nani aliiandika habari hiyo? Siku nilizofungua redio nilisikia idadi ya askari walioongezwa.

Mwaka uliofuata alikuja mwandishi mmoja wa nje, chombo chake sikitaji, akapanga kwangu siku tatu. Mtu mpole, alilipa vizuri, alikula biriani akarudia. Nilimzungusha mwenyewe. Nilimpeleka Mkunguni mbele ya ngome, nilimpeleka Matondoni akaone mafundi wanavyotia kalfati jahazi, nilimpeleka kwa mzee mmoja ambaye ndiye anayesuluhisha watu mtaani kwetu tangu mimi mdogo, wakikosana juu ya ukuta au talaka wanaenda kwake kabla ya polisi. Mzee akamweleza vile vijana wanavyoangaliwa, vile mgeni asiyejulikana akiingia mtaani habari zake zinafika kabla hajavua viatu. Yule bwana aliandika kidogo kwenye daftari lake kisha akauliza swali lile lile aliloniuliza mimi na alilomuuliza muuza kahawa, ni vijana wangapi wa hapa wameenda Somalia. Mzee alinigeukia akasema kwa Kiamu, hawa hawayui mui (mji), mwanangu, wamekuya na jawabu wanatafuta swali.

Siku ya kuondoka tulikuwa jeti tunangoja boti. Kulikuwa na askari amesimama na bunduki, na upande wetu wa kulia kulikuwa na watoto kama wanane wanaruka majini, unajua jinsi wanavyoruka pale maji yakijaa, mmoja amejifunga kikoi shingoni anajifanya ndege, na yule askari mwenyewe alikuwa anacheka anawahesabia moja mbili tatu. Mwandishi akapiga picha. Nilikuwa nyuma yake, niliona vile alivyoiona yeye. Wiki mbili baadaye akanitumia linki. Picha ni ile ile ila imekatwa kulia. Watoto hawapo. Kicheko cha askari kimebaki lakini bila watoto hakionekani tena kama kicheko, kinaonekana meno. Nyuma yake bahari tupu, na chini maneno kuhusu pepo iliyogeuka uwanja wa hofu.

Hakusema uongo. Hilo ndilo ninalotaka mulielewe, kwa sababu tukilalamika kuhusu midia watu hudhani tunasema wanatunga. Askari alikuwepo, bunduki ilikuwepo, bahari ilikuwepo. Alichofanya ni kukata kulia.

Na ukishaijua hiyo mkato utaiona kila mahali. Januari 2015 kule Paris waliuawa watu 12 kwenye ofisi za gazeti, kwa siku tatu wakafika 17, na tarehe 11 viongozi wa dunia zaidi ya 40 wakashikana mikono wakatembea barabarani, na marais wetu kadhaa wa Afrika walikuwemo. Wala siwalaumu kwa kwenda, maiti ni maiti. Miezi mitatu haijaisha, tarehe 2 Aprili, Garissa, chuo kikuu, watu 148, wengi wao watoto wa watu wamelala mabwenini. Maandamano ya viongozi wa dunia Nairobi hatukuyaona. Novemba mwaka huo huo Paris tena, 130. Sasa linganisha. Mei 2014, kabla hata ya Mpeketoni, Uingereza ilitoa tahadhari ya kusafiri, ile watu wa hoteli wanaita advaizari, na kampuni za utalii zikawabeba wageni wao kwa mamia kutoka Mombasa wakarudishwa kwao kwa ndege, hoteli za Mombasa na Malindi zikafunga milango, wapishi na wasafisha vyumba wakaenda majumbani. Ufaransa baada ya 130 kufa hakuna aliyekwenda kuwatoa watalii kwa ndege. Waliambiwa wasiogope, wakae mkahawani, wakiogopa gaidi atakuwa ameshinda. Maneno mazuri sana yale. Sisi hatukuambiwa hivyo, na mpishi wa Malindi ana watoto kama mpishi wa Paris.

Mnakumbuka pia Julai 2015, Obama anakuja Nairobi, CNN wakasema anaenda kwenye kitovu cha ugaidi. Wakenya wakapiga kelele mitandaoni mpaka mkubwa wao mmoja, Tony Maddox, akapanda ndege mwezi wa nane akaja kuomba radhi. Na Januari 2019 baada ya shambulio la hoteli ya Dusit Nairobi, ambapo waliuawa watu 21, New York Times wakaweka picha ya maiti zimelalia meza na kompyuta, ndugu zao hata hawajapewa habari. Picha kama ile ya maiti wa New York gazeti lile haliwezi kuiweka, na kila mtu anajua haliwezi.

Nyinyi mnaosema ninaonea wazungu tu, ngojeni, na za Nairobi nazijua. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliingia Bunge kwa ajili ya ule mswada wa fedha. Gazeti moja ni mashujaa, lingine ni wahuni, na mimi nikasoma yote nikakosa mtu mmoja aliyeandika kwamba inawezekana kijana akawa na haki kuhusu ushuru, na askari akawa na kosa kwa kupiga risasi za kweli, na mwenye duka akawa na haki ya kukuta duka lake asubuhi, vyote vitatu siku moja. Makumi ya vijana waliuawa katika maandamano ya mwaka ule na hakuna mtu wa kuheshimu utawala anayeweza kulipita hilo kimya, mimi sitalipita. Mwaka mmoja baadaye, 25 Juni 2025, serikali ikaamuru televisheni zikate matangazo ya moja kwa moja, Mahakama Kuu ikasimamisha ile amri siku hiyo hiyo. Mahakama ilifanya vizuri. Serikali inayojiamini haina haja ya kuzima kamera, na wahafidhina wenzangu mliofurahia siku ile nawauliza, mkikatwa kulia na wazungu mnalia, mkikata nyinyi ni usalama?

Halafu siku ile ile ya 2024, Bunge linawaka, askari wetu 400 walikuwa wanashuka kwenye ndege Port-au-Prince, kule Haiti, kwenda kupambana na magenge. Siku moja! Haiti ni watu wanaoteseka, Mungu awasaidie, na askari wetu walioenda kule nawaombea, wengine hawakurudi hai. Lakini kile kikosi kilipangwa kiwe cha askari 2,500 na hakikufika hata nusu kwa sababu waliosema watachanga hawakuchanga inavyotakiwa, na sisi tuliotangulia ndio tulibaki tumesimama. Wakati huo ukitoka Malindi kuja huku, basi linasimama Gamba, mnashuka na vitambulisho mkononi, mnapanga foleni, halafu mnangoja eskoti ya askari. Mtoto mchanga analia, mzee anatafuta pa kukojoa, jua limewaka, na hakuna anayelalamika kwa sababu kila mtu ndani ya lile basi anajua Nyongoro iko mbele na Milihoi iko mbele, pale magari yanaposhambuliwa.

Nyongoro. Hapa nataka tukae kidogo.

Tarehe 2 Januari 2020 basi la abiria lilishambuliwa Nyongoro, wakafa watu wasiopungua watatu. Siku tatu baadaye, alfajiri ya tarehe 5, Al-Shabaab wakavamia kambi ya Manda Bay, wakauawa Wamarekani watatu, mwanajeshi mmoja na wawili waliokuwa wafanyakazi wa kampuni, na ndege zikateketea. Watatu na watatu, kaunti moja, wiki moja, muuaji mmoja. Wale wa kambi nilijua majina yao baada ya siku chache tu. Nilijua umri wao, nilijua majimbo waliyotoka, niliona picha ya mmoja anacheka. Nilisikitika nao, wallahi, maana ukishajua jina la mtu huwezi kumhesabu tu. Machi 2022 Pentagon ikatoa matokeo ya uchunguzi na ikakiri wazi kwamba ulinzi ulikuwa umelegea na watu walijiamini kupita kiasi. Hiyo ni heshima kwa maiti, kusema ukweli hata ukijiaibisha, na kwa hilo nawavulia kofia Wamarekani. Wale wa basi magazeti yetu yaliandika watatu. Watatu tu. Abiria. Na nataka na Nyongoro iwe na ripoti yake, yenye majina, isomwe barazani kwa Kiswahili.

Sasa mtu ataniuliza, wewe unalalamika nini, si Wamarekani hao hao ndio wanakulinda? Nitamjibu kwa habari ya mji wangu mwenyewe. Karibu mwaka 1812 watu wa Pate na Mazrui wa Mombasa walishuka Shela kuja kutupiga. Maji yakatoka, vyombo vyao vikakaa mchangani, watu wa Amu wakawashinda ushindi ambao mpaka leo unasimuliwa, na mifupa ilikaa kwenye machuguu ya Shela miaka na miaka. Tulishinda sisi wenyewe kwa mikono yetu. Lakini baada ya kushinda tukaogopa, tukasema watarudi, na wazee wakapeleka ujumbe kwa Sayyid Said wa Oman waombe ulinzi. Akaleta liwali na askari, ngome ikamalizwa karibu mwaka 1821, ndio ile ya Mkunguni watalii wanapiga picha. Mlinzi akawa mtawala, Amu ikawa ya Zanzibar, na mwaka 1895 Mwingereza akaichukua nchi yote. Hakuna aliyetushinda vitani. Tuliita wenyewe.

Kwa hivyo Mei 2024 Biden alipotangaza Kenya itakuwa mshirika mkubwa wa Marekani nje ya NATO, wa kwanza kusini mwa Sahara, na watu barazani wakapongezana, mimi nilifurahi nusu. Agosti 2025 seneta Jim Risch, mwenyekiti wa kamati yao ya mambo ya nje, akataka hadhi ile ipitiwe upya kwa sababu ya mambo yetu na China na mengine. Mwaka mmoja na miezi. Kule Somalia ATMIS, kikosi cha Umoja wa Afrika, imeisha, Januari 2025 ikaanza AUSSOM mahali pake, na hela zake ndizo zinapiga watu vichwa, Umoja wa Mataifa ulikuwa umeshafungua mlango wa kulipia mpaka asilimia 75 kwa azimio la Desemba 2023, Marekani ikakataa njia hiyo itumike Somalia, na kura ya AUSSOM ilipopigwa Desemba 2024 ikajizuia. Wanajeshi wetu wako kule tangu Oktoba 2011, baada ya mambo ya Kiwayu na Manda, yule mzungu aliyeuawa Kiwayu na mkewe akachukuliwa, na yule mama mgonjwa wa Kifaransa aliyebebwa Manda akafia mikononi mwa watekaji. Wameikomboa Kismayu 2012, wamekufa kambini kwao El Adde 2016. Damu ile ni yetu, na bajeti yake inangoja mtu aamke na hali nzuri Washington.

Na msinisikie vibaya, simlaumu Mmarekani. Trump aliposimamisha misaada siku ya kwanza, 20 Januari 2025, na Julai USAID, shirika lao la misaada, ikafungwa kabisa, vyombo vingi vya nje viliandika kama kwamba Afrika ni mtoto ametupwa mlangoni, na vile vinavyompenda havikutaka hata kutaja mgonjwa mmoja aliyekosa dawa. Mkato kulia, mkato kushoto. Wagonjwa waliteseka, nawajua, ukiwa na dawa za kila siku hujali siasa. Ila mwenye nyumba ana haki ya kuamua hela yake iende wapi, nami ningekuwa raia wa kule labda ningempigia kura yule yule. Swali langu ni kwa wakubwa wetu wa Afrika walioketi Abuja mwaka 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwa afya. Kenya mpaka leo haijafika. Miaka yote hiyo tulikula kwenye sinia la mwenzetu, na siku ameondoa sinia tukamwita mkatili.

Sasa, kuhusu mpaka wa Somalia. Mei 2023 serikali zetu mbili zilikubaliana ufunguliwe kwa awamu. Juni 24 washambuliaji wakaingia vijiji vya Juhudi na Salama, hapa hapa kaunti yetu, wakaua watu watano, wakachoma nyumba. Julai Kithure Kindiki, waziri wa usalama wa wakati huo, akasema ufunguzi umeahirishwa. Mashirika yakalalamika, nikasoma makala ndefu kuhusu biashara na udugu wa watu wa pande mbili. Mimi udugu huo sihitaji kuusoma. Mama yangu mkubwa alizaliwa Chovai, visiwa vya Wabajuni upande wa Somalia, alikuja Kizingitini akiwa msichana kwenye jahazi la boriti, na alikufa hajarudi kuona kaburi la mama yake. Nina binamu Kismayu ninaowajua kwa sauti ya WhatsApp tu. Kila siku mpaka ukifungwa unanikata mimi. Na bado nasema ufungwe mpaka serikali iweze kusimama pale na kujua nani anapita, kwa sababu mtu wa Juhudi alikuwa na haki ya kulala kuliko mimi niliyo nayo ya kutembelea. Hilo limenigharimu, na ndiyo maana nalisema kwa sauti.

Lakini serikali nayo ilipe upande wake. Shule za Basuba, kule kwa Waboni, Mangai, Milimani, Kiangwe, zilifungwa miaka kwa ajili ya usalama, watoto wakakaa. Zahanati vivyo hivyo. Operesheni ya msitu wa Boni ilianza Septemba 2015 na Waboni ndio waliokuwa wanaujua ule msitu kila mti, wafuata asali, na wakaambiwa watoke humo. Ungetaka kujua nani amepita Boni jana usiku ungemuuliza nani kama si wao? Droni inaona joto la mwili, haijui huyu ni mtoto wa nani. Mzee wa mtaani kwetu anajua. Alimwambia yule mwandishi, aliyekuwa na daftari wazi mkononi, na yakabaki pale pale Langoni.

Mimi si mwandishi wa habari. Ila tangu mwaka juzi nimeigeuza ile kauntabuku, nimeanzia kurasa za nyuma, naandika majina ya watu waliouawa kwenye barabara yetu na vijijini, tangu 2014. Jina, umri kama unajulikana, kazi, alikuwa anaenda wapi. Dereva, mwalimu, fundi wa mabati, mama aliyekuwa anampeleka mtoto kliniki. Siyapati magazetini, nayapata kwa watu, mtu akija Amu kwa shughuli zake akisikia ananifuata. Wa Nyongoro nimepata wawili. Juzi alikuja mama mmoja kutoka Hindi, ile ya bara ya kaunti yetu, amevuka na boti ya saa tatu, akakataa chai, akasema nionyeshe hicho kitabu. Nikamfungulia. Akasoma polepole kwa kidole mpaka chini, kisha akaniomba biro, kwa sababu jina la mwanawe lina herufi mbili ambazo polisi walikosea kwenye karatasi zao na hakutaka mimi nikosee tena. Ameandika mwenyewe. Ni la thelathini na nne.